Tembo Tamu kwa Mama Mkwe

Shangazi yangu Feza akishikwa na furaha hunong'ona, na mnong'ono wake husikika mpaka nyumba ya tatu. Kwa hiyo Jumatano ile, kabla jua halijachomoza, mtaa wetu wote wa Kabambare ulikwisha kujua kwamba Mwamvita binti Abedi anakwenda kuchagua kinywaji cha mama mkwe.

"Mama mukwe ya nani?" nilimkemea tukiwa njiani, umande ukitulowesha mpaka magotini. "Baba hajakubali."

"Atakubali. Na asipokubali, kesho kutwa anakwenda Kasongo kumupa Assumani jibu, na wewe unafuata nyuma na mukeka yako. Tembea, mutoto."

Alikuwa anasema kweli. Assumani aliuza vitambaa vya merikani na shanga pale Kasongo, na mjomba wake alikwisha kutuma salamu za posa mara mbili. Sikuwa na ugomvi naye. Nilimwona mara moja, mtu msafi, mpole, na nilipomtazama sikuhisi kitu chochote isipokuwa njaa, maana ilikuwa saa ya kula.

Lukumani nilipomtazama nilisahau kula. Huo ulikuwa mwaka wa pili nasahau.

Tatizo la Lukumani lilikuwa kazi yake. Alikuwa mgema. Michikichi yote ya bonde lile la chini ya mji iliijua miguu yake, na tembo alilogema lilinywewa na wapagazi wa misafara mpaka wakalala njiani. Baba yangu, aliyewafundisha watoto wa mtaa Kurani barazani petu, hakuweza kulimeza jambo hilo. Niliposema kwamba Lukumani amesilimu, alinijibu kwamba mtu hawezi kuswali kwa mikono ileile inayowalevya wenzake. Niliposema kwamba yeye mwenyewe halewi, akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniita.

"Mama yake na aje mara moja," alisema. "Nitamsikiliza. Akitoka hapa bila neno la posa, Ijumaa nakwenda Kasongo."

Na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kwa Wabangubangu wa ng'ambo ya mto Luama, kwao Lukumani, mama wa kijana hafungui kinywa kusema posa mpaka binti amtilie kinywaji chenye povu kwa mkono wake mwenyewe. Kisicho na povu maana yake nyumba haimtaki. Halafu lazima binti aonje kwanza, mbele ya macho yake. Asipoonja, mgeni ataondoka akiamini ametiliwa sumu. Kwa baba yangu nako, kilevi hakikuwahi kuvuka kizingiti. Basi nitafute kitu kinachotoa povu, kisicholevya, na ambacho watu wa kiasi chetu wanaweza kukipata bila kuuza mbuzi.

Mimi na shangazi tulikuwa tumejaribu vyote. Sharbati ilitaka sukari ya pwani, na sukari ikishapita Ujiji inakuwa kitu cha masultani. Maji ya asali yalitulia kibuyuni kama maji ya kunawa. Togwa ni nzito, mgeni anashiba kabla hajasema lililomleta. Maji ya ndizi nilijaribu mara mbili. Siku ya kwanza hayakutoa hata tone la povu. Siku ya pili yalichemka yenyewe mpaka pua ya baba ikaja jikoni kuuliza. Kilibaki kimoja tu, tembo tamu, maji ya mchikichi yaliyogemwa alfajiri na kunywewa kabla ya jua kukaa katikati. Wakati huo ni matamu, yanachoma ulimi kidogo, yana povu jeupe, na hata mtoto anapewa. Ndugu yake anayelevya anazaliwa mchana.

Tulipofika bondeni Lukumani alikuwa juu. Niliona kwanza nyayo zake, kisha kitanzi cha kukwelea kilichomzunguka kiunoni, kisha uso wake ukichungulia kati ya makuti. Alipotuona akaacha kuimba.

"Shuka, bwana," alisema Shangazi Feza. "Mimi nakwenda kutafuta kuni." Akaondoka kutafuta kuni mahali ambapo hapakuwa na hata kijiti.

Lukumani alishuka na vibuyu vitatu, akavipanga juu ya jani la mgomba mbele yangu. Hakunikaribia sana. Kila mara alikuwa hivyo, akisimama mbali hatua moja kuliko nilivyotaka.

"Iko tatu," alisema. "Onja, chagua mwenyewe. Mama yangu anajua miti zote hizi. Mimi nikikuchagulia, atajua iko mimi."

Nilionja. Kibuyu cha mchikichi mzee kilikuwa kitamu kuliko asali, lakini povu lake lilikufa nikiwa bado nalitazama. Cha mti wa kando ya kijito kilikuwa na povu la kutosha na harufu ya tope. Cha tatu kilikuwa cha mchikichi mchanga wa njiani, utamu wa wastani, na nilipokitikisa kidogo kikanirushia chembe puani. Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa ananitazama mdomo.

"Hii," nilisema haraka.

"Umechagua vizuri. Kibuyu yake iko mupya, niliifukiza na moshi jana, haina masimbi, ile mashapo ya zamani, ndani yake. Masimbi ndiyo inaamsha ukali." Akaziba mdomo wa kibuyu kwa majani laini, akanikabidhi. Vidole vyetu vilikutana chini ya kibuyu na hakuna aliyeviondoa upesi. "Mwamvita, sikia. Weka mu kivuli, juu ya muchanga yenye maji. Usiitikise. Usiiweke jua. Jua ikifika katikati, haitakuwa tena kinywaji ya baba yako."

"Na mama akichelewa?"

"Mama yangu? Hajapata kuchelewa."

"Na asiponipenda?"

Alitazama chini, akafuta jasho la shingo kwa kiganja. "Mimi nakupenda," alisema. "Sijui kama inatosha kwa siku ya leo. Lakini iko kitu yote niliyo nayo."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu la miaka miwili. Lakini Shangazi Feza alikuwa anarudi, mikono mitupu, akikohoa tangu mbali kama mtu mwenye adabu.

Sasa nitasema kosa langu, na sitalipunguza. Nyumbani nilifanya kila kitu kama nilivyoambiwa. Nilichimba mchanga wa kivulini nyuma ya jiko, nikaumwagia maji, nikakilaza kibuyu humo. Nikaosha kata mbili, maana povu huonekana vizuri ndani ya kata nyeusi ya kibuyu kuliko ndani ya vikombe vya kaure vya baba. Nikafagia ua. Kisha nikaenda kuchungulia kibuyu, na povu lilikuwa limelala. Hapo moyo ukanitoka. Niliwaza mama yule akitazama kinywaji kilichotulia, akiinuka bila neno, na mimi nikibeba mkeka kwenda Kasongo. Nikakitoa kibuyu mchangani nikakiweka juani, kando ya ukuta, kwa muda mfupi tu, kipate joto kidogo, povu liamke. Wali ulianza kuungua, nikakimbilia wali, na muda mfupi ukawa mrefu. Nilipokirudisha kivulini povu lilikuwa limejaa mpaka kwenye majani. Nilifurahi! Nilijiona hodari.

Na mama yake Lukumani, ambaye hajapata kuchelewa, alichelewa. Mvua ya juzi ilikuwa imeujaza Luama, na mtumbwi wa kuvushia watu ulikuwa ng'ambo. Adhuhuri ilipita, na mimi, nikiliamini lile povu, nilijidanganya kwamba mchanga wa maji umekilinda kibuyu. Baba alitoka msikitini, akakaa barazani na tasbihi yake, hakuuliza kitu. Jua lilikuwa limekwisha kuinama ndipo tuliposikia hodi.

Alikuwa mama mfupi, mwenye bega moja lililoinama kwa kubeba mizigo ya maisha yote, na macho ya Lukumani kabisa. Nilishtuka kuyaona kwa mtu mwingine. Lukumani mwenyewe alibaki nje ya uzio, kwa sababu kwao kijana haruhusiwi kuonekana siku hiyo. Lakini niliona vidole vyake vya miguu chini ya makuti ya uzio.

"Baba Mwamvita, jambo," alisema mama. "Maji ya Luama ilitukatalia njia."

"Jambo, Mama Lukumani. Karibu kitako. Aliyevuka Luama leo amekuja kwa moyo."

Walikaa. Waliulizana habari za mpunga, za kuku, za wagonjwa. Shangazi Feza alinikonyeza. Nikaenda nyuma ya jiko, nikachukua kibuyu na kata, nikaja kupiga goti mbele ya mgeni kwenye mkeka. Nilimimina kutoka juu kidogo, kama inavyotakiwa. Povu lilipanda kwa fujo likajaa kata, likamwagikia vidole vyangu. Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikaiinua kata nionje, na harufu ikanifikia.

Sikuhitaji kuonja. Ilikuwa harufu ileile wanayotoka nayo wapagazi jioni. Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, bado hajaisikia, upepo ukielekea upande mwingine. Mama alikuwa ananisubiri. Nilijua ninachoweza kufanya. Funda moja dogo, nibane pumzi, nimeze, nimpe. Angesema posa. Baba asingejua mpaka labda baadaye, labda kamwe. Na mimi ningekuwa nimeanza ndoa yangu kwa kumwekea baba kilevi nyumbani mwake na kunywa mbele ya macho yake.

Nikaiweka kata chini.

"Mama," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "nisamehe. Kinywaji hiki nilikichagua alfajiri kikiwa kitamu. Sasa kimegeuka kikali. Siwezi kukionja, na kitu nisichoweza kuonja siwezi kukupa wewe."

Shangazi Feza alinong'ona "Yallah," na mtaa mzima bila shaka ulisikia. Baba aliacha kuzungusha tasbihi. Nilimtazama mama yule moja kwa moja, kwa sababu kama alikuwa anainuka nilitaka nimwone anavyoinuka.

Hakuinuka. Alivuta kata, akanusa, akairudisha.

"Imegeuka kweli," alisema. "Nimenyweshwa na mabinti wane kwa ajili ya watoto wangu wanaume. Wawili walinipa kitu yenye kuharibika, wakafunga pumzi, wakakunywa. Niliona koo zao." Akaniangalia kwa muda. "Wewe, nani alikuharibia hii? Mugema alikupa kibuyu muchafu?"

Na hapo, kutoka nje ya uzio, sauti ikasema, "Iko mimi, mama! Sikuosha kibuyu."

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Mwongo!" nilipaza sauti. "Kibuyu kilikuwa kipya, ulikifukiza jana! Mimi ndiye niliyekiweka juani, nilitaka povu."

"Hapana, iko kibuyu," ilisema sauti.

"Lukumani, acha! Ni mimi!"

"Basi iko jua. Jua ya leo ilikuwa kali mbele ya saa yake."

Kitu kikatokea ambacho sikukitazamia. Baba yangu alicheka. Hakucheka sana, alicheka puani, akaficha mdomo kwa mkono wenye tasbihi.

"Mama Lukumani," alisema, "watoto wa watu hugombania mali. Hawa wanagombania kosa."

"Naona, baba," alisema mama. Kisha akageukia uzio. "We Lukumani! Umeshaonekana sauti, onekana basi na mwili. Ingia."

Aliingia akiwa ameinamisha kichwa, amevaa kanzu safi iliyokuwa fupi kwake. Hakunitazama. Mimi nilimtazama kwa wote wawili.

"Saa ya alasiri bado?" mama alimwuliza baba.

"Karibu."

"Mugema akikata muti upya sasa, akatundika kibuyu kisafi, mu saa moja anapata kidogo. Kata moja, pengine mbili. Tamu. Mimi nitangoja, kama nyumba yako inaningojea."

Baba alifikiri. Ilikuwa kwake kusema ndiyo au hapana, kwa sababu kusema ndiyo ilikuwa kumtuma mgema kazini kutoka barazani pake, mbele ya majirani wote.

"Kijana," alisema mwishowe. "Hiyo unayokwenda kuleta. Wewe mwenyewe unakunywa?"

"Ya asubuhi, ndiyo, baba. Ya mchana nawauzia wenye kuitaka. Nimekwisha kuwaza juu ya kuacha kuwauzia. Nina shamba la mpunga nimelianza kule kijitoni. Bado dogo. Sikusema kwako kwa sababu mutu hawezi kuringia shamba dogo."

"Swali alasiri kwanza," alisema baba. "Kisha nenda."

Waliswali bega kwa bega pale uani, baba na Lukumani. Halafu Lukumani akatoka mbio na kitanzi chake begani, ile kanzu fupi ikimpiga magotini.

Saa ile ya kungoja ndiyo ninayoikumbuka zaidi kuliko yote. Tulikula wali, ule wenye ukoko. Mama Lukumani aliniuliza kama najua kukamua mafuta ya mawese, nikamwambia najua, akasema anataka kuona. Alimsimulia baba jinsi mumewe alivyoanguka mtini, na jinsi Lukumani alivyopanda mti uleule kesho yake, akiwa bado mtoto, ili wadogo zake wale. Hakulia aliposema hivyo. Baba alisikiliza bila kumkatiza. Ua ulikuwa kimya, kuku walikuwa wanaanza kutafuta mahali pa kulala, na nilijikuta natamani mchikichi utoe maji polepole.

Lukumani alirudi jua likiwa jekundu. Kibuyu kilikuwa kidogo kama ngumi mbili. Nilikipokea kwake, na mara hii alinitazama, na mimi sikukwepa, mbele ya wazazi wote wawili. Nikamimina kutoka juu. Povu lilikuwa dogo, jeupe, limezunguka ukingo wa kata tu. Nikaonja. Lilikuwa tamu, na likanichoma ulimi kidogo.

Nikampa mama kwa mikono miwili. Alikunywa polepole mpaka nusu. Kisha akaiweka kata chini, akanyoosha mgongo, akamgeukia baba.

"Baba Mwamvita, nimekunywa. Sasa nasema kilichonivusha Luama. Mutoto yangu anaomba mutoto yako. Hatuna merikani ya Kasongo. Tuna mikono, na mutoto wa kiume asiyesema uongo, isipokuwa leo."

Baba alinyoosha mkono, akachukua ile kata yenye nusu iliyobaki, akainusa kwa makini, akaitazama. Akainuka nayo, akamwendea Lukumani aliyekuwa amesimama kando ya mlango, mikono imejaa michubuko ya gome, akampa.

Lukumani akaipeleka mdomoni palepale aliposimama.

"Ngoja," alisema baba, akamshika mkono. "Kaa kitako. Kwangu mimi mkwe hanywi wima."

Lukumani akakaa. Na mimi, ambaye nilikuwa bado nimepiga goti mkekani, nikainuka, nikaenda kukaa chini kando yake, mbele ya watu wote, bila aibu hata kidogo.